Mwaka Niliomwazima Minza Sauti

Msibani Lamadi waombolezaji tuligawiwa fulana. Mbele ilikuwa na picha ya Jasmini akicheka, meno meupe yote nje, na mgongoni ilikuwa na maneno ambayo nchi nzima inayajua: "Mmehesabu ng'ombe wote, mimi hamkunihesabu." Nilipewa saizi kubwa. Niliivaa juu ya gauni langu, nikajifunga kanga, nikaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki safu ya nyuma kabisa, pamoja na mamia ya watu waliokuwa wamebeba maneno yangu migongoni. Sisemi "yangu" kwa kujipa sifa. Niliyatunga mimi, kwa kinywa changu, katika chumba cha gesti pale Bariadi chenye magodoro yaliyoegeshwa ukutani, nikiwa na miaka ishirini na njaa ya tangu asubuhi. Marehemu alikuwa amekaa mbele yangu anamenya karanga. Waliovaa fulana zile hawajui, na wengi wakiambiwa watacheka. Ndiyo maana naandika. Sina cha kudai kwa mtu aliyekwisha kufa, ila nimechoka kunyamaza, na kunyamaza huko nilikuanzisha mwenyewe.

Jasmini ni jina la kwenye makasha ya filamu. Mimi nilimjua kwa jina la Minza, na nitamwita hivyo. Mwaka ninaousema tulikuwa tumepanga chumba kimoja Bariadi mjini, nyuma ya mashine ya kukoboa, chumba cha bati kisicho na dari, kiasi kwamba saa saba mchana hakuna aliyeweza kukaa ndani akabaki na akili zake. Tulikuwa na kitanda kimoja, jiko moja la mkaa, sufuria mbili na kioo. Kioo kilikuwa cha Minza, na alikitundika kwenye msumari usawa wa macho yake. Mimi ni mfupi, nilijiona paji la uso na nywele tu. Ilinifaa, maana sikupenda kuuona mdomo wangu. Nilikulia Sola, kwenye kisima ambacho maji yake huyapaka meno ya watoto rangi ya chai. Nusu ya darasa letu tulikuwa hivyo na hakuna aliyemshangaa mwenzake. Mjini ndiko nilikojifunza kuongea huku nimefunika mdomo kwa kiganja. Minza alikulia kwa maji ya ziwa, kwa watu wa dagaa na sato, na meno yake yalikuwa meupe kiasi cha kumfanya mtu asahau alichotaka kumwambia. Alikuwa mrefu, ana sauti ya kukwaruza kidogo, na Kiswahili chake kilikuwa Kisukuma kilichovaa nguo za kuazima. Changu mimi kilitoka kwa mama mwalimu mmoja wa Tanga niliyemfanyia kazi za ndani miaka minne pale Maswa. Mama yule hakuwa mtu wa kupiga, alikuwa mtu wa kurekebisha. Nikikosea neno, nalirudia huku nafagia, mpaka likae. Niliondoka kwake na sanduku la bati na Kiswahili cha pwani ndani ya mdomo wa Sola.

Kazi yetu ilikuwa kwenye kibanda cha video cha Bosi Luhende, jirani na soko. Vibanda vingine vilikuwa na mwanamume mmoja anayetafsiri kila kitu, bibi harusi na jambazi kwa sauti hiyohiyo nzito, na watu waliridhika kwa sababu hawakujua kingine. Bosi Luhende akaona mwanya. Yeye aseme wanaume, wasichana wawili waseme wanawake, wote watatu wakiwa wamejificha nyuma ya shuka la bluu lililotundikwa kando ya televisheni, wakichungulia kwa matundu yaliyokatwa kwa mkasi. Asubuhi tuliutazama mkanda mara mbili, tukinywa chai kwa mandazi, tunagawana watu. Kihindi na Kichina hatukuvijua hata salamu zake. Tulitazama mdomo, tukatazama mikono, tukajua huyu analaumu na huyu anaomba, kisha tukatunga. Wasichana warembo wa kitajiri tuliwapa Kiswahili; mama zao, watumishi na wachawi tukawapa Kisukuma. Mimi nilikuwa warembo. Minza alikuwa wale wengine wote, na alikuwa pia kilio. Mimi sijawahi kuweza kulia nikiambiwa lia. Minza alikuwa akivuta pumzi mara moja tu, machozi yanashuka kweli, humo gizani nyuma ya shuka ambako hakuna anayeyaona, kwa ajili ya mwanamke wa Kihindi asiyemjua. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, na kila mara nywele zilinisimama. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu huko mbele nitamsema vibaya.

Msimu wa pamba kibanda kilijaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Walitoka Kasoli, walitoka Sola, wengine na viboko vyao vya kuswagia ng'ombe mkononi. Tulisikia kila walichosema. "Mhindi huyu anajua Kisukuma kuliko mke wangu," mmoja alisema siku moja, na kibanda kizima kikacheka, na mkewe alikuwa amekaa pembeni yake. Mkanda ukiisha walianza kupiga makofi na kupaza sauti: tuonyesheni binti anayesema! Walitaka kumwona yule mrembo wa sauti. Bosi alipenda mambo hayo, maana waliomwona binti walirudi kesho yake kumsikia tena. Mara ya kwanza alinishika bega anitoe nje ya shuka. Nikashika nguzo. Nikamwambia Minza, "Nenda wewe," nikamsukuma mgongoni kwa kiganja. Akatoka, akatabasamu, akapewa soda, akarudi nayo tukanywa wote kwa chupa moja. Tangu siku hiyo ikawa ndio utaratibu. Sauti ilikuwa yangu, kutoka kulikuwa kwake. Bosi hakujali, Minza aliona ni mchezo, na mimi niliona nimepona. Nilimsukuma mgongoni labda mara mia moja mwaka ule. Hakuna mtu aliyenilazimisha hata mara moja.

Baada ya msimu, wakati mashamba yamebaki mabua makavu ya pamba, wakaja watu wa filamu kutoka Dar es Salaam. Walikuwa sita, wakafikia gesti, na mkubwa wao aliitwa Direkta Rama, mwanamume mwembamba aliyevaa kofia hata ndani ya nyumba. Walitaka hadithi ya msichana wa Kisukuma anayeozwa kwa ng'ombe wengi, na walikuwa wanatafuta msichana. Mtu akawaambia waende kwa Luhende wakasikie kitu. Wakaja mchana, wakakaa benchi la mbele. Nilimwona Rama kwa tundu langu. Katikati ya mkanda aliacha kutazama televisheni, akageuka akawa analitazama shuka. Ulipoisha hakupiga makofi. Alisimama akasema, "Yule dada aliyekuwa anasema bibi harusi. Namtaka huyo." Nyuma ya shuka Minza alinitazama. Naukumbuka uso wake kama ulivyokuwa: hakuwa na tamaa, alikuwa anasubiri. Alijua siku hii siyo kama zile za soda. Na mimi nilijua. Kiganja changu kikapanda chenyewe, kikamgusa pale pale kilipozoea, katikati ya mabega. "Nenda wewe," nikasema. Nimeifikiria dakika ile maisha yangu yote. Watu hupenda kusema waliibiwa, na mimi kwa miaka mingi nilisema hivyo moyoni, lakini mkono ulikuwa wangu.

Walianza kupiga picha Kasoli, kwenye shamba la mzee mmoja aliyewakodisha na ng'ombe wake. Siku tatu Minza aliondoka alfajiri na gari lao na kurudi jioni na vumbi kwenye kope. Mimi nilibaki kibandani kusema wanawake wote peke yangu, na mtazamaji mmoja akalalamika kwamba siku hizi hawalii vizuri. Siku ya nne mchana mlango wetu ukagongwa. Alikuwa Minza, na nyuma yake Direkta Rama ameinama kupita mlangoni. Nilikuwa nasonga ugali wa mtama, na kwenye sahani kulikuwa na nsansa, yale majani makavu ya kunde tuliyozoea kupika kwa karanga. Rama alikaa kitandani bila kukaribishwa. "Nimesikiliza tulichorekodi," akasema. "Sura ya huyu ni dhahabu. Akifungua mdomo, sijui ni nani. Nilidhani ni woga wa kamera. Leo ananiambia sauti siyo yake." Kwa hiyo Minza ndiye aliyesema, na hilo nalo namwandikia kwenye upande wake mzuri. Rama akanigeukia. "Dada, sema kitu." Nikauliza nisemeje. Akafumba macho, akacheka peke yake. Alipoyafumbua, mkono wangu ulikuwa mdomoni. Akaniomba niuondoe.

"Ni ya maji?" akauliza.

"Ni ya maji, kaka."

"Pole." Akatazama pembeni haraka, namna watu wenye adabu wanavyofanya, ambayo huuma kuliko kicheko. "Basi Mungu ametugawia. Mmoja sura, mmoja sauti. Tutakuandika, dada. Mwishoni kabisa mwa filamu: sauti, halafu jina lako. Unaitwa nani?"

"Milembe."

"Milembe," akarudia, na akaandika kwenye daftari lake, nikaona kwa macho yangu anaandika. Kisha akala ugali wetu, akasifu nsansa, akaondoka. Minza alirukaruka chumbani mpaka sufuria zikagongana. Usiniulize kama na mimi nilifurahi. Nilifurahi sana.

Tulirekodi kwenye chumba cha gesti, siku tano. Waliegesha magodoro kwenye kuta zote nne, wakafunga madirisha kwa blanketi, na feni ilizimwa kwa sababu ya mlio wake. Joto lilikuwa la kuchemsha mtu. Mimi nilikaa mbele ya maiki, na kwenye televisheni ndogo Minza alikuwa anapita na kurudi kwenye mabua ya pamba akifungua na kufunga mdomo. Minza mwenyewe alikaa kwenye mkeka mbele yangu. Hakuitwa, alikuja kila siku kwa hiari yake, na karanga mbichi na matobolwa ndani ya kitambaa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo hutafunwa mpaka taya zichoke. Nikimaliza kipande ananipa kimoja. Nikikosa pumzi anafungua mdomo kunionyesha pale alipovutia pumzi yake. Nilijifunza mwili wake siku zile. Nilijua kwamba kabla ya kusema neno gumu hupandisha bega la kushoto, na mpaka leo nikisema neno gumu, bega langu la kushoto hupanda. Siku ya tano tukafika kwenye tukio ambalo baba na wajomba wanahesabu ng'ombe wa mahari zizini, na msichana anasimama mbele yao. Kwenye skripti alitakiwa aseme, "Baba, mimi sitaki kuolewa, naomba unielewe." Niliyasema mara nne. Rama alisema hayakai kwenye mdomo wa Minza, nitafute mengine. Nikamtazama Minza wa kwenye televisheni, nikaona nyuma yake wale wazee wakinyoosha vidole, huyu, na huyu, na yule mweusi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anamtazama yeye. Ndipo nikasema, "Mmehesabu ng'ombe wote, mimi hamkunihesabu." Na Minza wa kwenye mkeka, bila kuambiwa na mtu, akavuta pumzi ile yake na kulia. Alilia kwa sauti ya chini, karanga ziko mkononi, na kilio chake kikaingia kwenye maiki pamoja na maneno yangu. Fundi mitambo alitaka turudie bila kilio. Rama akasema atakayegusa kipande hicho atarudi Dar kwa miguu.

Filamu ilirudi Bariadi baada ya miezi mitatu. Bosi Luhende alitangaza kwa kipaza sauti sokoni siku mbili nzima. Kwa kuwa ilikuwa ya Kiswahili haikuhitaji mtu nyuma ya shuka, kwa hiyo mimi na Minza, kwa mara ya kwanza, tulikaa benchi la mbele kama watu. Nilikuwa nimesuka. Kibanda kilijaa, nje wakasimama dirishani. Nilisikia sauti yangu ikitoka kwenye mdomo wa Minza, na watu nyuma yangu wakinong'ona. "Kumbe anajua Kiswahili hivyo!" "Si ndiye aliyekuwa akisema wale Wahindi?" "Ndiye huyohuyo." Kwenye tukio la ng'ombe mzee mmoja alisimama akavua kofia. Watu walilia. Minza alinishika mkono na nikahisi wa kwake umelowa jasho, nikadhani ni furaha. Kisha yakaanza kupanda majina. Jasmini lilikuwa la kwanza, kwa herufi kubwa. Ndipo nilipojifunza kwamba anaitwa Jasmini. Wakafuata baba na wajomba. Akafuata mpiga picha, dereva, mpishi. Wakamshukuru mwenye gesti. Wakamshukuru mzee wa Kasoli aliyetoa ng'ombe, na wakasema ng'ombe ishirini. Skrini ikawa nyeusi. Nilisubiri. Bosi akazima, akawasha taa, watu wakamrukia Minza kumgusa, na mimi nilikuwa bado nasubiri, macho kwenye televisheni iliyozimwa.

Chumbani hatukuwasha jiko. Ilikuwa bado jioni mapema, mashine ya kukoboa inanguruma nyuma ya ukuta, kwa hiyo ilibidi tupaze sauti, na majirani wote walisikia ugomvi wetu. Nilimwambia wamesahau, tumwandikie Rama. Minza alikuwa amekaa kitandani anavua hereni.

"Hawajasahau," akasema.

"Unajuaje?"

"Aliniambia. Wiki mbili zilizopita, alipopiga simu kwa Bosi. Alisema wenye filamu hawataki. Watu wakijua sauti siyo yangu watatucheka, hawatanipa nyingine."

"Wiki mbili. Umelala na mimi kitanda kimoja wiki mbili."

"Ningekwambia ungefanyaje? Ungeenda wapi? Milembe, mimi nikisema, wananirudisha Lamadi kuanika dagaa. Unajua kuanika dagaa wewe? Unajua mikono inavyonuka mpaka kwenye ndoto?" Alikuwa akiongea Kisukuma sasa, na alikuwa analia, na nilimchukia kwa sababu sikujua kama ni kilio chake au ni kile cha kazi. Kisha akasema, "Mimi sikukuomba. Wewe ndiye uliyenisukuma."

Siku tatu kila mmoja alijipikia chake. Siku ya nne asubuhi aliniletea chai kitandani, akakaa chini, akafunua gazeti kuukuu lililofungiwa sukari, akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma vibaya. Alikuwa akinitazama baada ya kila mstari, kama mtoto anayejua amekosea ila hajui wapi. "Nifundishe," akasema. "Wamesema ya pili itapigwa Dar. Huko siwezi kwenda na wewe nyuma ya shuka." Ningeweza kumwambia atoke. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumwambia. Mtu angeweza kusema nilikuwa na moyo mzuri. Hapana. Nilikuwa na kiburi. Nilijua meno yangu hayatafika Dar, na nilitaka kitu changu kifike. Nikamwambia aanze upya, taratibu, na asimeze maneno.

Tulisoma gazeti lile miezi miwili, kila asubuhi kabla ya kwenda kibandani, mpaka karatasi ikakatika kwenye mikunjo. Nilimrekebisha kama mama wa Tanga alivyonirekebisha: akikosea, arudie huku anafagia. Lakini sikumfundisha Kiswahili tu. Watu walishaijua sauti ya Jasmini, na sauti ya Jasmini ilikuwa yangu, kwa hiyo ilibidi ajifunze mimi. Alijifunza ninapotua. Alijifunza ninavyoshusha neno la mwisho kana kwamba sina haja nalo. Akaacha kule kukwaruza. Siku moja nikiwa nje nafua nikamsikia mtu ananiita ndani, "Milembe, chumvi iko wapi?" na kwa sekunde nzima nilidhani nimejiita mwenyewe. Akatokeza kichwa mlangoni, akacheka kwa furaha. Nami nikacheka. Aliondoka wiki iliyofuata kwa basi la asubuhi, kwenye begi lake nimemwekea matobolwa, akaniahidi ataniita akipata chumba. Kioo aliniachia. Nikakishusha kwenye msumari, nikakigeuzia ukutani.

Kilichofuata kila mtu anakijua. Alifanya filamu nyingi, akaolewa, akaachwa, magazeti yakala humo. Filamu zilipoanza kudorora, televisheni wakaleta zile tamthilia za nje za wenye majumba, wakazitia sauti za Kiswahili, na mwanamke tajiri kuliko wote mle ndani alipewa Jasmini kumsemea. Mimi nilikuwa na mgahawa wangu jirani na stendi ya Bariadi, na jioni wateja walitaka tamthilia, kwa hiyo kila jioni nilikuwa nikikaanga samaki huku nasikia sauti yangu ikifukuza watumishi kwenye nyumba ya ghorofa. Walisema redioni kwamba ana kipaji cha pekee, sauti yenye chumvi ya pwani, na hakuna aliyeuliza binti wa Lamadi aliipata wapi chumvi hiyo. Alinipigia simu mara moja tu. Ilikuwa mwanzo wa kazi ile, baada ya miaka kumi na zaidi ya kimya. Hakuuliza habari za nyumbani. Alisema, "Milembe, kuna barua mama huyu anamsomea mwanawe, inanishinda. Nisomee, nisikie ungesemaje." Akanitajia maneno, nikayasema, mafuta yanachemka mbele yangu na mteja ananinyooshea sahani. Akasema asante dada, nitakuja Bariadi. Baada ya mwezi barua ilirushwa. Alitua kila nilipotua. Nilisimama na mwiko mkononi, sijui kama najivuna au nataka kuitupa televisheni barabarani. Bariadi hakuja.

Amekuja sasa, Lamadi, kwenye sanduku, figo zimemmaliza. Mwaka juzi niling'olewa meno ya mbele Mwanza nikawekewa ya bandia, meupe, kwa hiyo naweza kusema kwamba nilimzika nikiwa na meno kama yake. Kabla ya maombi mshereheshaji aliomba tusimame tumsikie dada yetu kwa mara ya mwisho, na kwenye spika zikatoka zile sekunde chache za zizini. Mmehesabu ng'ombe wote. Watu walianguka. Wanawake walishikiliwa. Nilisimama nikiisikiliza sauti yangu ya nilipokuwa na miaka ishirini ikililiwa na uwanja mzima, na chini yake nikasikia kile kilio, cha msichana mwenye karanga mkononi, na hapo ndipo nami nikalia kwa mara ya kwanza tangu nipate habari. Nililia kwa hasira. Nilimlilia pia, sitadanganya, lakini hasira ilitangulia.

Baada ya mazishi koo lilikuwa limekauka kwa vumbi, nikaenda nyuma ya nyumba kwa wapishi. Wasichana wanne walikuwa wanaosha masufuria, fulana zimelowa. Nikamwambia aliyekuwa karibu, "Mwanangu, hebu nipatie maji ya kunywa." Sufuria likamponyoka. Akageuka akanitazama mdomo.

"Mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma, "usifanye hivyo. Marehemu haigizwi msibani. Si vizuri."

"Sijamwigiza mtu," nikasema, na ikawa mbaya zaidi. Wote wakaacha kuosha. Mmoja alikuwa tayari ametoa simu, ananielekezea.

"Jamani, ni yeye kabisa! Mama, sema ule msemo wa ng'ombe. Mara moja tu, tafadhali."

Zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nasubiri mtu aniambie niseme, mbele ya watu, bila shuka. Nilijinyoosha. Bega la kushoto likapanda. Nikayasema maneno yangu yote, nikatua panapotuliwa, nikaliacha neno la mwisho lishuke, kama nilivyolishusha siku ile kwenye chumba cha magodoro. Wasichana wakasikiliza mpaka mwisho. Mwenye simu akaishusha.

"Umejitahidi, mama," akasema kwa upole. "Umejitahidi sana. Ila yeye alikuwa na kile kilio ndani yake. Hicho huna."

"Ni kweli," nikamwambia. "Hicho kilikuwa chake."

Akanichotea maji kwa kikombe cha plastiki. Nilikunywa nimesimama, na nilipomaliza kumshukuru ndipo nilipogundua kwamba nimefunika mdomo kwa kiganja.